Kodi kwa Kaisari, Heshima kwa Mungu

JUMANNE

Soma Marko 12:13-17. Kwa nini swali aliloulizwa Yesu lilikuwa mtego?

Katika Biblia ya Kiingereza ya King James, iliyochapwa mwaka 1611, kodi inayotajwa katika fungu la 14 inaitwa "tribute". Leo neno hilohilo hutumika kwa Kiingereza kutaja maneno ya sifa yanayosemwa kwa heshima ya marehemu. Neno moja linawezaje kubeba malipo na heshima pia?

Chimbuko lake ni Kilatini. Tribus ni kabila. Tribuere ni kugawa, kumpa mtu fungu lake. Na tributum ni kodi. Hapo mwanzo raia wa Roma wenyewe waliilipa ili kugharimia vita. Lakini mwaka 167 K.K., baada ya Roma kuishinda Makedonia, nyara zilikuwa nyingi hata raia wakaondolewa mzigo huo. Waliobaki kuubeba ni mataifa yaliyotawaliwa. Hivyo kulipa kukawa njia ya kukiri bwana ni nani.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Mwaka 6 B.K. Warumi walipofanya sensa Uyahudi kwa ajili ya kodi, Yuda Mgalilaya aliongoza uasi (Matendo 5:37), na watu hawakuwa wamesahau. Kama Yesu angesema walipe, angeonekana msaliti wa taifa lake. Kama angesema wasilipe, angeshtakiwa kwa Warumi kuwa mwasi.

Yesu aliomba aletewe dinari. Dinari za Tiberio zilikuwa na sura yake, na maandishi yaliyomwita mwana wa Augusto aliyehesabiwa kuwa mungu. Sarafu yenye sura ya Kaisari irudi kwa Kaisari. Lakini ni nini chenye sura ya Mungu? Mwanzo 1:27 inajibu: ni mwanadamu mwenyewe. Kaisari anaweza kudai dinari. Hawezi kudai ibada.

Soma 1 Wafalme 12:18 na Kumbukumbu la Torati 16:10. Je, utoaji unaotajwa katika mafungu haya mawili unatofautianaje?

Watafsiri wa King James walitumia neno lilelile mahali pote pawili, ingawa maneno ya Kiebrania si yaleyale. Katika fungu la kwanza ni shokoa, kazi ya kulazimishwa. Watu walichoka nayo hata wakampiga kwa mawe Adoramu, msimamizi wake. Katika fungu la pili ni sadaka ya hiari, ambayo mtu huileta kwa furaha kwa kadiri Mungu alivyombariki. Mikono yote miwili inatoa. Mmoja unatoa kwa kuogopa mjeledi, mwingine kwa kukumbuka wema.

Soma sasa Malaki 1:6-8. Makuhani hawakuacha kuleta sadaka. Walileta wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, huku wakiuliza ni wapi walipolidharau jina la Bwana. Mungu aliwapa kipimo rahisi: wampelekee liwali wao mnyama kama huyo, waone kama atapendezwa. Walijua vema kwamba hawangethubutu. Liwali alipata kilicho bora kwa sababu aliogopwa. Mungu alipata masalio kwa sababu ni mvumilivu.

Jambo hili linamgusa kila mwamini. Kodi ya serikali ina tarehe yake, na anayechelewa hutozwa faini. Zaka, sadaka na saa ya maombi hazina askari mlangoni. Kwa hiyo ni katika mambo hayo yasiyo na faini ndipo heshima ya kweli inapoonekana.

Tafakari: Chukua kipimo cha Malaki na ukitumie kwa juma lililopita. Je, muda, nguvu na mali ulivyompa Mungu ungethubutu kumpa mkuu wako wa kazi? Ni badiliko gani moja unaloweza kufanya kabla ya Sabato ijayo, si kwa hofu, bali kwa shukrani?