CHANGU WANGU, CHANGU WETU

Leo naomba tuanze na sarufi, kisha tushuke baharini. Ukisema "chakula changu", umetaja mali yako. Ukisema "changu wangu", umetaja samaki. Huyu yumo katika ngeli ya A-WA: changu huyu amenona, changu hawa wamenona. Mtu akisema "changu changu" sokoni, sisi watu wa pwani huvunjika mbavu kwa kicheko.

Changu ni samaki wa jamii ya Lethrinidae, ndugu wa karibu wa jamii ya Sparidae. Huishi kwenye matumbawe na nyasi za bahari, akila kaa na konokono. Wavuvi wetu humnasa kwa mshipi, wavu na dema, na sokoni hakosi mnunuzi.

Sasa sikilizeni ajabu! Changu wa aina nyingi huanza maisha akiwa jike. Hutaga mayai, na baadhi yao wakishakua hugeuka madume. Kwa hivyo wakubwa ndio akina baba, na wa kadiri ndio akina mama.

Hebu tupige hesabu. Tukiwamaliza wakubwa, mayai yatarutubishwa na nani? Tukikokota juya, tunazoa hata wachanga ambao hawajataga mara moja. Ndiyo maana Kenya ilipiga marufuku juya mwaka wa 2001. Lakini wapo wasemao, "Nikimwacha mimi, si atavuliwa na jirani?" Nami siwacheki, kwa sababu mwenye watoto wenye njaa hawezi kuambiwa angoje samaki akue.

Basi dawa ni nini? Kwanza, dema lenye mwanya ubavuni: mchanga hupenya akaenda zake, mkubwa akabaki. Pili, kukubaliana. Kule Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji walifunga sehemu ya bahari yapata hekta 30 mwaka wa 2005, na humo havui mtu. Samaki huzaana kwa amani ndani, na anayevuka mpaka ni halali ya mvuvi. Kwa njia hii jirani naye amefungwa na neno lile lile, wala hakuna wa kumwogopa mwenziwe.

Wahenga hawakukosea: mtaka yote hukosa yote. Kwa hivyo, msomaji mpenzi, akishaingia chomboni mwako sema "changu wangu". Akiwa bado majini, sarufi na haki zote zinataka useme "changu wetu".