Kuchonga Vinyama kwa Mfupa wa Ng'ombe

Mfupa mnyoofu wa mguu wa ng'ombe, ule ulio kati ya goti na kwato, ndio bora kwa anayetaka kuchonga vinyama vidogo. Ni mgumu, kuta zake ni nene, na mjini Moshi haukosekani: mabucha ni mengi, na sufuria la mtori nalo huacha mifupa. Kibera, Nairobi, mafundi hugeuza mifupa ya aina hii kuwa bangili, hereni na vifungo. Hapa Moshi iko karakana ya Shah Industries, inayojulikana kwa kazi za ngozi na pembe za ng'ombe na kwa kuajiri watu wenye ulemavu. Kijana anayetaka kuanza hana haja ya kwenda mbali kuona ufundi huu.

Kabla ya kuwaza mashine, uliza mfupa umetoka wapi. Kanda ya kaskazini ya Tanzania hupatwa na kimeta mara kwa mara, na spora zake hudumu miaka mingi kwenye udongo, ngozi na mifupa. Chukua mifupa ya ng'ombe aliyekaguliwa machinjioni tu. Usiokote porini, wala usikubali ya mnyama aliyekufa ghafla, hata ukipewa bure. Wengine hudhani kuchemsha kunatosha. Hakutoshi, na huku mlimani hata kidogo: Marangu, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ukiota kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi katikati, wahi hospitali na umweleze daktari kwamba unafanya kazi ya mifupa.

Mfupa ukiwa salama, kata vichwa vyake viwili kwa msumeno wa chuma, toa uloto, kwangua nyama iliyobaki. Uchemshe kwa moto mdogo katika maji yenye sabuni, ukiengua mafuta yanayoelea na kubadilisha maji. Moto mkali hauharakishi kitu. Unaharibu protini inayoshika madini ya mfupa, nao unabaki kama chaki. Jiki hufanya uharibifu uleule. Kwa weupe, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, kisha anika kivulini mpaka ukauke kabisa.

Mfupa una nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake, na mchongaji lazima azifuate. Miguu ya tembo ichorwe ikielekea urefu huo. Ukiilaza kinyume itakatika mikononi mwako au, vibaya zaidi, mikononi mwa mteja. Kwa kuwa ukuta wa mfupa mara nyingi hauzidi sentimita moja, vinyama bapa ndivyo rahisi kwa anayeanza: kinyonga aliyejikunja mkia, au mbega aliyeketi ubavu. Tembo mnene mwache kwa siku za baadaye.

Grinda kubwa itumike kukata vipande tu, kava yake ikiwa mahali pake na mfupa umebanwa kwenye jiriwa. Umbo litolewe kwa mashine ndogo ya mkono yenye vichwa vya kuchongea. Iendeshe taratibu, mizunguko kama 10,000 hadi 15,000 kwa dakika, ukigusa na kuinua. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua, mfupa umepata moto kupita kiasi: simama, poza, badilisha kichwa kilichochakaa. Glovu za kitambaa zisivaliwe, maana hunaswa na kuvuta kidole. Mikono mirefu na khanga zifungwe vizuri.

Vumbi ndilo linaloniogopesha kuliko ukali wa mashine. Chembe zake ni laini mno, huingia ndani kabisa ya mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Vaa barakoa ya N95 inayobana uso vizuri, na miwani ya kazi. Fanyia kazi nje au penye upepo unaokuvuka ubavuni, mbali na jiko na watoto. Vumbi lililotua lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Ufagio hulirusha tena hewani. Nguo za kazi usilalie, na kunawa kabla ya kula kusisahaulike. Msasa wa kumalizia, namba 400, 600 kisha 1000, tumia ukiwa na maji, lakini kwa mkono, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Liko pia suala la sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, mfupa wa mnyamapori ni nyara, na kuwa nao bila kibali ni kosa, hata kama uliuokota tu pembeni ya hifadhi. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, na mfupa uliong'arishwa hufanana nazo machoni pa afisa wa forodha. Mweleze mteja jinsi ya kutofautisha: chini ya lenzi, mfupa huonyesha vitundu na vistari vidogo vyeusi, njia za mishipa ya damu; pembe ya ndovu haina vitundu hivyo, na ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Andika kwenye kila lebo "mfupa wa ng'ombe", na tunza risiti za bucha ulikonunua.