Mafunzo Kutoka Duka la Nguo za Michezo

Masomo: Mambo ya Walawi 19:35-36, Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Mithali 20:14, Yakobo 2:1-9.



Kazi ya kuuza dukani haitajwi mara nyingi katika mahubiri yetu. Tunasikia habari za mpanzi, mchungaji na mvuvi, na sisi watu wa Mara tunazielewa upesi, kwa kuwa wengi wetu tumelima, tumechunga au tumevua. Lakini vijana wengi wa parishi yetu leo hawashiki jembe wala wavu. Wamesimama nyuma ya meza za maduka, kuanzia katikati ya mji wa Musoma hadi kandokando ya stendi ya mabasi hapa Bweri. Biblia haikuwasahau. Lidia wa Thiatira, aliyemkaribisha Mtume Paulo nyumbani kwake, alikuwa mfanyabiashara wa nguo za rangi ya zambarau (Matendo 16:14-15).

Mwezi huu tujifunze kutokana na duka la aina moja tu, linalopendwa sana na vijana: duka la jezi, raba, traksuti na nguo za mazoezi. Baada ya kustaafu ualimu tumekaa katika duka la namna hiyo, la jamaa yetu, tukisaidia kuandika hesabu. Aliyezoea kutazama darasa hawezi kuacha kutazama, na hapo tumeona mambo matatu yanayofaa kuzungumzwa na Wakristo.

Wazee watakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipokuwa adimu. Mtu alipanga foleni tangu alfajiri, na akipata kipande cha kitambaa hakuuliza rangi wala saizi. Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na mitumba nayo ikaenea. Leo nguo zimejaa hata zinaning'inia barabarani. Zamani mnunuzi aliuliza, "Ipo?" Sasa inambidi aulize, "Ni ya kweli?" Na anayepaswa kumjibu ni yule kijana aliye nyuma ya meza.

1. Mteja hapimwi kwa mavazi yake

Duka la nguo za michezo hupambwa kwa picha za vijana wembamba wenye misuli. Ni rahisi muuzaji kudhani kwamba wateja wake ni wale tu wanaofanana na picha hizo. Siku moja aliingia mvuvi mwenye kandambili, magamba ya samaki yakiwa bado kwenye suruali yake. Wauzaji wawili wakaendelea kuchezea simu zao. Wa tatu akamwamkia, "Shikamoo baba, karibu." Mzee yule alikuwa ametumwa na wenzake wa mwaloni kununua jezi za timu yao, kumi na sita kwa jumla, na fedha alikuwa nazo mkononi.

Mfano huo unaweza kutupotosha tukifikiri kwamba tumheshimu maskini kwa kuwa huenda ana fedha mfukoni. Tumtazame basi mteja mwingine. Mama mmoja wa makamo, aliyeambiwa na daktari atembee kila siku kwa ajili ya presha, alikuja kutafuta raba na suruali pana ya mazoezi. Alisimama mlangoni kwa muda, akiona aibu kutaja kipimo chake mbele ya vijana. Muuzaji akicheka hapo, mama yule hatarudi, na pengine hata kutembea ataacha. Muuzaji akimletea kiti, akampimia taratibu na kumwambia bei bila kumdharau, amemsaidia kutunza afya yake, hata kama hakununua kitu siku ile.

Yakobo anakemea kanisa linalompa tajiri kiti kizuri na kumwacha maskini amesimama. Hasemi kwamba tajiri afukuzwe. Anasema kwamba kupendelea watu kwa sababu ya mavazi ni dhambi. Wanaouza mavazi wana sababu zaidi ya kulikumbuka neno hilo, maana wanajua vizuri kuliko wengine kwamba nguo huvuliwa na mtu akabaki.

Tena nguo haikimbii yenyewe. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita hapa mkoani kwetu, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mbio zake zilitoka katika mazoezi ya miaka mingi. Mzazi anayebanwa na mtoto anunue raba ya bei kubwa ili awe mchezaji hodari anaweza kumweleza hayo bila kumkatisha tamaa.

2. Neno la muuzaji ni kipimo

Torati inaamuru mizani ya haki na vipimo vya haki. Dukani kwetu hatupimi nguo kwa kilo. Kipimo chetu ni neno. Mteja haoni jinsi fulana ilivyotengenezwa. Anauliza, nasi tunajibu, naye analipa kwa kulitegemea jibu letu.

Kwa hiyo muuzaji ana wajibu wa kuijua bidhaa yake. Fulana ya pamba hunyonya jasho na kulishika, kwa hiyo huwa nzito mchezo ukiendelea, ingawa ni laini mwilini. Fulana ya poliesta hainyonyi jasho kama pamba, kwa hiyo hukauka upesi. Soli iliyoshonwa hudumu kuliko iliyobandikwa kwa gundi hafifu. Mteja akielezwa hayo, atachagua mwenyewe kwa kadiri ya haja na mfuko wake.

Jambo zito zaidi ni bidhaa bandia, yaani nguo na viatu vilivyobandikwa nembo ya kampuni ambayo haikuvitengeneza. Nchini mwetu biashara hiyo imekatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa za namna hiyo. Hata hivyo zipo madukani. Kijana mmoja anayeshiriki nasi Meza ya Bwana alitujia akiwa na shida. Tajiri wake, katika duka tusilolitaja, amemwagiza kwamba kila mteja akiuliza, jibu ni moja tu: "Orijino." Akatuuliza, "Mwalimu, nikikataa nitafukuzwa. Nikikubali nitasali vipi?"

Hatukumwambia kwamba ukweli hauna gharama, maana una gharama, na nyumbani ana mama na wadogo zake. Tulimwambia asiseme neno ambalo anajua ni uongo, na aeleze kitambaa na mshono jinsi ulivyo. Tena amwendee tajiri wake kwa adabu, faraghani, amwonyeshe hatari ya kukamatwa, na kwamba fulana nzuri isiyo na nembo yoyote, mitumba safi, au jezi zilizoshonwa na mafundi wetu vinaweza kuuzwa bila hofu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini akifukuzwa, je, sisi tutakuwa wapi? Parishi inayomhubiria kijana aseme kweli, kisha ikamwacha alale njaa kwa sababu ya kweli hiyo, imemtwika mzigo isiougusa hata kwa kidole.

Mnunuzi naye asijione yumo nje ya somo hili. Mithali inamtaja mtu anayeponda bidhaa wakati wa kupatana bei, kisha akienda zake anajisifu. Kupunguziwa bei si dhambi. Kusema uongo ili upunguziwe ni dhambi ileile ya muuzaji, ila imehamia upande wa pili wa meza.

3. Ujira wa aliyesimama kutwa

Wateja huona duka lenye taa na muziki. Hawaoni miguu ya binti aliyesimama tangu asubuhi hadi usiku, Jumapili ikiwemo. Traksuti ikipotea, mara nyingine fedha yake hukatwa kwenye mshahara pasipo kuulizwa lolote.

Ni vema tujue sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa juma, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Mshahara haukatwi kwa ajili ya hasara mpaka mfanyakazi amepewa nafasi ya kujitetea na amekubali kwa maandishi, na makato hayo hayapaswi kuzidi robo ya mshahara. Mgogoro ukishindikana kumalizwa kwa mazungumzo, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kumbukumbu la Torati linasema ujira wa maskini usilale kwa mwajiri, asije akamlilia Bwana. Miongoni mwetu wapo wenye maduka, na wengine huketi viti vya mbele kanisani. Somo hili ni lao kwanza. Muuzaji anayedhulumiwa na tajiri wake hujaribiwa kumdhulumu mteja, na mwenye duka akitaka mezani pake kuwe na ukweli, aanze na bahasha ya mshahara.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, mgeni aliyevaa nguo chakavu hupokewaje kanisani kwetu? Linganisheni na Yakobo 2:1-9.
2. Kijana akipoteza kazi kwa kukataa kusema uongo, parishi yetu imfanyie nini katika mwezi wa kwanza?
3. Wenye maduka: je, wafanyakazi wenu wanapata siku ya kupumzika na kusali?
4. Wanunuzi: ni uongo gani tunaousema tunapopatana bei?