Jua Haki Zako: Kadi ya Ulemavu Si Pesa za Inua Jamii

Ukitaja ulemavu pale Lowarengak, Turkana Kaskazini, wengi huwaza mguu uliokatwa au jicho lisiloona. Katiba ya Kenya ya 2010 inaona mbali zaidi. Kifungu cha 260 kinahesabu pia ugonjwa, mradi umemzuia mtu kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu kufanya shughuli zake za kila siku. Kwa hiyo mvuvi aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi ana hoja mbele ya sheria. Vivyo hivyo mama aliyepofushwa na trakoma, au mtu ambaye uvimbe wa hidatidi, ule wa mnyoo wa mbwa unaojulikana sana Turkana, umemwacha hawezi kuinuka. Kifungu cha 43 nacho kinaitaka serikali imsaidie asiyeweza kujikimu pamoja na wanaomtegemea.

Lakini jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Daktari anayekupima anataka kujua ugonjwa huo umekufanya nini. Barua inayosema tu "ana matatizo ya figo" haina nguvu. Inayoeleza kwamba mgonjwa hafiki msalani bila kushikwa, kwamba analishwa na kuogeshwa, na kwamba hali hiyo imedumu tangu mwaka fulani, hiyo ndiyo itakayombeba. Basi mwombe daktari aandike hayo. Na usijikaze mbele yake. Najua mwanamume hufundishwa kuvumilia, ila chumba cha daktari si mahali pa kuonyesha uvumilivu. Nenda na yule anayekuuguza usiku, maana yeye ataeleza mambo ambayo wewe utayaonea haya.

Sasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila mara.

La kwanza ni kadi. Hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya madaktari wa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kukupima na kujaza fomu. Kusajiliwa na Baraza ni bure. Kadi hukufungulia njia ya kuomba kiti cha magurudumu au kifaa kingine. Kwa mwenye mshahara, huweza kumpatia cheti cha Mamlaka ya Ushuru, KRA, ambacho huondoa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi kwa miaka 5. Kwa mvuvi wa ziwani msamaha huo hauna maana yoyote, lakini mwalimu au karani wa kaunti aliye mgonjwa asiuache upotee.

La pili ni pesa. Chini ya Inua Jamii, msaada wa fedha wa serikali kwa wasiojiweza, kuna mpango wa watu wenye ulemavu mkali, ulioanza 2011, ambao umekuwa ukilipa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hapa masharti ni magumu kuliko ya kadi: mgonjwa awe anahitaji kuangaliwa mchana na usiku, kaya iwe maskini, pasiwe na mshahara wala pensheni, na awe raia wa Kenya. Anayemtunza huandikishwa kama mlezi na kumpokelea. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kadi halali kabisa na asipate hata senti ya Inua Jamii, na hakuna aliyemdhulumu.

Wakazi wa Turkana waangalie sharti moja zaidi. Kaya inayopokea tayari fedha za mpango mwingine wa serikali haiongezewi huu. Nyumba nyingi huku ziko kwenye HSNP, mpango wa kukabiliana na njaa unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, ambao ulikuwa ukilipa shilingi 5,400 kila miezi miwili. Hizo ni nyingi kuliko 4,000 za Inua Jamii kwa muda huohuo! Uliza kwanza jina lenu liko wapi kabla ya kuhangaika.

Kutoka Lowarengak hadi Lodwar, makao makuu ya kaunti, ni mbali, na nauli ya mgonjwa na mlezi wake si mchezo. Kabla ya kuanza safari, muulize chifu na afisa wa huduma za jamii wa Turkana Kaskazini kama madaktari wa kupima ulemavu watafika Lokitaung au karibu zaidi, na kama usajili wa Inua Jamii umefunguliwa, kwa sababu haufunguliwi wakati wote. Beba kitambulisho chako, cha mlezi, na karatasi zote za hospitali. Ukiacha fomu ofisini, baki na nakala yake.

Ukikataliwa, usikubali jibu la mdomo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na kama jina lako "linashughulikiwa" mwaka mzima, andika barua ya kuomba taarifa. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa kuliandika ombi lake. Malalamiko ya Inua Jamii hupokelewa pia kwa simu ya bure 1533, na Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, haitozi chochote. Mtu yeyote akikudai "chai" ili jina lako liingie kwenye orodha, anavunja sheria: usimpe, na umripoti.