Baada ya Mimba ya Nje ya Kizazi: Je, Nitazaa Tena?

Swali hili tunaulizwa sana wodini, na mara nyingi mama hungoja wageni waondoke kwanza: "Sista, wamenitoa mrija mmoja. Je, nitazaa tena?"

Tuanze na kilichotokea. Kwa kawaida yai la mama hukutana na mbegu ya baba ndani ya mrija wa uzazi, kisha husafiri siku chache mpaka kwenye mfuko wa uzazi na kujishikiza huko. Pengine halifiki. Zaidi ya mara tisa katika kumi hukwama ndani ya mrija wenyewe. Mrija ni mwembamba, hautanuki kama mfuko. Mimba ikikua, mrija hupasuka na damu humwagika tumboni. Hakuna daktari awezaye kuihamishia mimba hiyo mahali pake, na mama asipotibiwa aweza kufa.

Twasema haya kwa sababu wapo akina mama wanaorudi nyumbani wakidhani wametoa mimba, hata wanaogopa kukomunika. Hapana, mama. Kuondoa mrija ulioharibika ili kuokoa maisha siyo kutoa mimba, na hospitali za Kanisa hufanya upasuaji huo. Mwone Paroko akueleze zaidi. Na kama unamlilia mtoto, lia, maana alikuwa mtoto wako. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1261, yafundisha kwamba Kanisa huwakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu. Baba naye ana uchungu wake, ingawa majirani humpa pole ya mkewe tu.

Maneno ya kurogwa, au kwamba alibeba ndoo nzito, yaacheni. Mara nyingi mrija huwa na makovu: ya kisonono au klamidia isiyotibiwa, ya upasuaji wa zamani, au ya kidole tumbo kilichopasuka. Sigara nayo huchangia. Tena wako wengi ambao hatuoni sababu yoyote, kwa hiyo mama mkwe asiwe mwepesi wa kuhukumu. Palipo na ugonjwa wa zinaa, mume na mke watibiwe pamoja. Kumtibu mke peke yake ni kuteka maji kwa pakacha.

Sasa jibu. Ndiyo, wengi huzaa. Mrija mmoja mzima unatosha, na hata yai likitoka upande usio na mrija, mrija wa pili waweza kulidaka. Zaidi ya nusu ya wanaojaribu hupata mimba iliyokaa vizuri ndani ya miaka miwili. Mwaka ukipita bila mimba, njooni wote wawili. Aliyetimiza miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita.

Msiharakishe. Aliyepasuliwa apate kwanza hedhi mbili au tatu, na ameze vidonge vya kuongeza damu. Aliyetibiwa kwa sindano ya methotreksati asubiri angalau miezi mitatu, kwani dawa hiyo yaweza kudhuru mimba changa. Wakati huo ni mzuri kwa mume na mke kujifunza pamoja Njia ya Billings, yaani kusoma ute, na kuandika kwenye kalenda siku ya kwanza ya kila hedhi. Tarehe hiyo tutaihitaji sana.

Kwetu mimba changa hufichwa mpaka tumbo lionekane, na wengi huja kliniki mwezi wa nne au wa tano. Mama huyu asifuate desturi hiyo hata kidogo. Aliyepata mimba ya nje mara moja yaweza kumrudia, karibu mmoja katika kumi. Hedhi ikichelewa wiki moja, apime mkojo. Akiwa na mimba, aende hospitali yenye altrasaundi katika wiki ya sita au ya saba, akihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ili ionekane imekaa wapi. Achukue karatasi yake ya zamani, na amwambie muuguzi wa kwanza atakayemwona: "Niliwahi kupata mimba ya nje."

Akipata maumivu chini ya tumbo, hasa upande mmoja, au matone ya damu, au kizunguzungu, aje bila kungoja kipimo hicho. Wengi hushangaa tukiwauliza habari za bega. Damu iliyomwagika tumboni huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu yake husikika kwenye ncha ya bega. Wapo waliofikishwa kwetu bega likinuka dawa ya kuchua, na tumbo limejaa damu.

Safari hiyo haingoji asubuhi. Mgonjwa asile wala asinywe kitu njiani, maana huenda akapasuliwa, na ndugu wawili wenye afya waje naye ili watoe damu ikihitajika.