Siku saba za kuhama

Swali: Tunaishi katika nyumba za mabati Mukuru, Nairobi, mwaka wa kumi na tano sasa. Mtu amekuja na hatimiliki, akatupa siku saba tuondoke. Tuna haki gani?

Jibu: Siku saba hazitoshi. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2016 yanamtaka mwenye ardhi awape notisi ya maandishi ya angalau miezi 3, nanyi mnaweza kwenda mahakamani kuipinga. Nendeni. Wekeni risiti za kodi, picha, hata kadi za kliniki za watoto. Zitaonyesha mmekaa hapo.

Lakini kesi peke yake huchelewesha tu tingatinga. Takwimu zenu huongeza nguvu: mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, baada ya wakazi na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, kukusanya takwimu zao na kuonyesha kwamba maskini hulipia maji bei ya juu kuliko matajiri. Nanyi jihesabuni, nyumba kwa nyumba. Kisha iandikieni kaunti, mkitaja Ibara ya 43 ya Katiba kuhusu haki ya makazi, na mtie sahihi wapangaji kwa wenye nyumba. Wapangaji ndio wengi, na ndio husahaulika kwanza.