Kazi Nyingi, Kichwa Kimoja: Zipange Hivi

Chukua karatasi, kalamu na simu yenye kuhesabu sekunde. Andika HAUT LOMAMI, herufi kumi, kisha chini yake andika 1 hadi 10. Tazama muda. Sasa rudia kwa kupokezana: H, halafu 1 chini yake, A, halafu 2, hivyo hadi mwisho. Maandishi ni yaleyale, ila safari hii utachelewa, na pengine utaruka namba.

Shida yote iko hapo. Mwanasaikolojia Mmarekani Arthur Jersild aliionyesha mwaka 1927 kwa hesabu za kujumlisha na kutoa: watu walipozifanya kwa kupokezana walitumia muda mrefu zaidi kuliko walipofanya aina moja tu. Kichwa hakifanyi mawili kwa wakati mmoja. Kinaruka huku na huku, na kila mruko una gharama yake.

Wewe wa Kamina huhitaji maelezo marefu. Reli ya Lubumbashi, ya Ilebo na ya Kabalo zinakutana mjini kwako. Treni mbili zikitaka njia moja, moja inangoja kwenye gare. Zigawie kazi zako zamu vivyo hivyo.

Anza kwa kutenga kazi zinazojiendesha na zile zinazokutaka wewe. Sombe ikishatwangwa na kuwekwa motoni, inachemka yenyewe. Unaichungulia tu mara mojamoja. Maharagwe vilevile. Zitangulize hizo, kisha kaa na kazi moja inayotaka kichwa: hesabu za duka, masomo, barua. Bukari haimo kwenye kundi hili. Inataka mikono miwili na macho, kwa hiyo ukianza kusonga, funga daftari.

Kama mtaani kwako umeme unakuja saa chache tu, andika orodha kabla haujafika. Ukiwaka, chomeka kwanza simu na taa za kuchaji. Zikishachomekwa hazikuhitaji tena, na saa zilizobaki ni za pasi. Bila orodha utakimbia chumba hadi chumba, umeme ukatike nguo zikiwa bado zimekunjamana.

Ukitaka kuunganisha kazi mbili, unganisha ya mikono na ya masikio. Osha vyombo ukisikiliza habari za Radio Okapi, hakuna kinachoharibika. Lakini usisome somo la mtihani huku habari zikisomwa. Zote mbili ni maneno, na maneno yanagombania nafasi moja. Utafika mwisho wa ukurasa bila kujua umesoma nini.

Sasa tuje kwenye cabine ya kutuma pesa kwa simu, maana hapo kosa linauma mfukoni. Unatuma pesa za mteja, simu inaita, mwingine anauliza kama kuna unité, na mama mmoja tayari amenyoosha noti zake. Hapo ndipo namba moja inakosewa na pesa zinakwenda kwa mtu usiyemjua.

Maliza mteja mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Soma namba kwa sauti. Soma jina linalotokea. Taja kiasi. Mteja akisema ndiyo, ndipo ubonyeze. Kati ya hatua hizo usipokee simu, hata ya shemeji.

Pesa pokea za mtu mmoja tu. Za mwingine zibaki mkononi mwake hadi zamu yake. Zikishalala mezani mafungu mawili, ubishi umeshaanza.

Noti zihesabu kwa mafungu ya kumikumi, na kila fungu uliweke kando. Ukikatizwa, unarudia fungu moja badala ya bunda zima. Ukiwa na noti nyingi za franka 500, utaona faida yake siku hiyohiyo.

Na anayengoja usimnyamazie, maana ndiye atakayekukatiza tena. Mwambie: "Salamu, mama. Nimekuona. Namaliza na baba huyu, kisha ni zamu yako." Mtu aliyesalimiwa na kuahidiwa zamu anatulia. Asiyetazamwa huinua sauti.

Kwa dereva wa pikipiki maneno ni machache. Simu ikiita, toka barabarani, simama, ndipo uongee. Usijidanganye na kifaa cha masikioni. Mikono itakuwa huru, kichwa kitabaki kwenye mazungumzo, na mtoto anayevuka utamwona umechelewa.

Kukatizwa kupo, hakuepukiki. Ukiitwa katikati ya kazi, andika mstari mmoja kabla hujainuka: umefikia wapi, na kinachofuata ni nini. "Nimejumlisha hadi Jumatano, bado deni la sukari." Sekunde chache tu, na ukirudi huanzi upya. Wengi hupuuza hili, nami naona ndilo linalolipa kuliko yote.

Utasikia pia kwamba wanawake wameumbwa kufanya mambo mengi kwa pamoja. Sifa hiyo ipokee kwa tahadhari. Mara nyingi ni njia ya kumwachia mtu mmoja mzigo wote. Mama anayeuza makala mlangoni, mtoto mgongoni na sufuria motoni, naye anaruka kutoka jambo hadi jambo kama sisi sote, na jioni anachoka zaidi.

Basi gawa kazi, na ugawe nzima. "Nisaidie kidogo" haitoshi, kwa sababu bado utakuwa wewe wa kukumbuka kila kitu. Sema: "Leo maji ni yako, kuanzia kuchota hadi mapipa yajae." Kaka au dada akishaipokea kazi, toa jambo hilo kichwani mwako. Na akiwa katikati ya kazi, usimwite akakuletee simu.